Bomba Limepita, Nyumba Haina Maji

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali: mwalimu, mpangaji, mjumbe wa kamati ya mtaa, mtakwimu mwanafunzi. Ukizisoma kwa pamoja zinauliza jambo moja: kwa nini mji unaokua mbele ya macho ya wote haumfikii kila mtu kwa sura ileile? Tumejibu kwa urefu palipo na la kufanya kwa mikono, na kwa ufupi palipojieleza penyewe.

SWALI: Nafundisha uraia. Nikiwauliza wanafunzi usasa wa mji ni nini, wananitajia maghorofa, barabara za juu na simu. Nikiuliza kutokuwa na usawa ni nini, wananiambia "maskini". Niwaoneshe vipi kwamba mambo haya mawili yamefungamana? (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu, waondoe kwenye vitu uwapeleke kwenye viungo. Mji wa kisasa ni mitandao: mabomba, nyaya, mifereji, reli, na sasa mawimbi ya simu. Kinachotofautisha watu ni kama mtandao umeishia mlangoni kwao au umepita juu ya paa ukielekea kwingine. Nyumba mbili zinaweza kuwa mita 50 kutoka bomba kuu lilelile, moja ikafungua koki jikoni, nyingine ikapanga ndoo kwenye foleni.

Kwa historia, tumia Paris. Kati ya 1853 na 1870, Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine chini ya Napoleon III, alipasua mitaa ya zamani akaweka barabara pana, mifereji ya majitaka chini ya ardhi, maji, taa za gesi na bustani. Mji ukawa kielelezo kwa dunia. Kodi za pango katikati zikapanda, na mafundi na vibarua waliokuwa wakikaa humo wakasogea Belleville na pembezoni kwingine. Wanafunzi wapewe swali hili: barabara hizo zilijengwa mahali palipokuwa na nani?

Kwa zoezi, wape vigezo vitano ambavyo shirika la makazi la Umoja wa Mataifa hutumia kupima kaya: maji salama, choo bora, nafasi (watu wasiozidi 3 kwa chumba), nyumba imara, na uhakika wa kutofukuzwa. Kaya ikikosa hata kimoja, inahesabiwa kuwa kwenye makazi duni. Waambie wapime nyumba ya kubuni, si ya kwao. Mtoto akiona aibu atadanganya, na zoezi limeharibika. Watashangaa kuona nyumba ya matofali yenye televisheni ukutani ikianguka kwenye kigezo cha choo au cha kutofukuzwa.

SWALI: Tuko wapangaji kumi kwenye nyumba yenye mita moja ya maji. Tukigawana bili, kila mmoja analipa zaidi ya jirani mwenye nyumba yake peke yake, na jirani huyo anamwagilia bustani. Mita yetu ni mbovu? (Mpangaji)

Mita inaweza kuwa nzima kabisa. Tazama ngazi za bei kwanza.

Mamlaka nyingi za maji hutoza kwa ngazi: uniti za mwanzo za mwezi huwa rahisi, zinazofuata huwa ghali. Nia ni njema, kumlinda mwenye kipato kidogo na kumbana anayejaza bwawa la kuogelea. Lakini aliyepanga bei alifikiria mita moja, familia moja. Fanya hesabu hii. Tuseme uniti 6 za mwanzo (uniti moja ni lita 1,000) bei yake ni 1 kila moja, na kila uniti baada ya hapo ni 3. Familia yenye mita yake ikitumia uniti 5 inalipa 5. Familia kumi zinazotumia hizohizo tano kila moja, kwa mita moja, zinafika uniti 50. Sita za kwanza ni 6, arobaini na nne zilizobaki ni 132, jumla 138. Kila mmoja 13.8. Jirani wa bustani akitumia uniti 8 analipa 6 na 6 nyingine, yaani 12. Amekunywa, ameoga, amemwagilia maua, na bado amewashinda.

Kabla ya kwenda kulalamika ofisini, ondoa shaka ya kuvuja, maana ndilo jambo la kwanza mtakaloulizwa. Fungeni koki zote usiku. Someni mita saa nne, kisha saa kumi alfajiri kabla ya mtu kuamka, pamoja na tarakimu nyekundu za mwisho ambazo wengi huziruka. Zikisogea, maji yanatoka mahali. Mara nyingi ni tangi la choo: mimina humo chai ya rangi iliyopoa, msivute kwa dakika 15, mkiona rangi kwenye bakuli basi valvu haifungi.

Mita ikisimama usiku kucha, andikeni barua yenye idadi ya kaya na sahihi ya mwenye nyumba, muombe ngazi zizidishwe kwa idadi hiyo. Kwa mfano wetu, ngazi ya bei rahisi ingekuwa uniti 60 na bili ingeshuka kutoka 138 hadi 50. Kuna mamlaka zenye utaratibu huo tayari, ila hauanzi kazi mpaka mtu aombe. Mita ndogo za kila chumba ni kitu kingine: zinasaidia kugawana kwa haki, hazipunguzi hata tone la bili kubwa. Msinunue mita kumi mkidhani mmetatua.

Na asiye na mita kabisa? Yeye hununua kwa ndoo, na huko bei hupanda zaidi. Ni rahisi kumwita muuza maji mnyang'anyi, lakini kumbuka naye ana mita moja inayohudumia watu mia, kwa hiyo ananunua kwenye ngazi ya juu kuliko zote, halafu anaongeza mpira, kuvuja na jasho lake. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu watano, kwa kiwango cha chini, inahitaji lita 250: ndoo 12 na nusu za lita 20, kila moja kilo 20. Kwenda, foleni na kurudi kukiwa nusu saa, hizo ni zaidi ya saa sita za mtu mmoja. Hakuna anayefanya hivyo. Watu hupunguza maji, na kinachokatwa mwanzo ni kunawa mikono.

SWALI: Wenye uwezo wana visima na matangi yao. Kwa nini wahangaike na maji ya mtaa wa jirani? (Msomaji)

Kwa sababu hasara huwarudia. Hamburg, Ujerumani, 1892. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 kwa miezi michache. Mji wa Altona, uliogusana nao kiasi kwamba mpaka ulipita mitaani, ulichota maji mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshaingia. Altona walichuja maji kwa mchanga. Hamburg, mji tajiri wa bandari, walikuwa wameahirisha mtambo kwa miaka kwa sababu ya gharama. Robert Koch, daktari mtafiti wa vijidudu, alipofika aliona ugonjwa ukifuata mpaka wa mabomba nyumba kwa nyumba. Wafanyabiashara walioogopa kodi ya mtambo waliona meli zao zikikataliwa bandari za nje. Mtambo ulianza kazi 1893.

SWALI: Kamati yetu imechoka kusubiri mfereji wa majitaka. Wananchi wanaweza kuuweka wenyewe? Tuanzie wapi, na wengine waliharibikiwa wapi? (Mjumbe wa kamati ya mtaa)

Wanaweza sehemu moja ya kazi. Sehemu ya pili hapana, na wanaochanganya hizo mbili ndio wanaoharibikiwa.

Mgawanyo mzuri ni ule wa Orangi, makazi makubwa yasiyopimwa ya Karachi, Pakistan, ambako Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi mwaka 1980. Walitenganisha kazi ya "ndani" na ya "nje". Ndani ni choo, karo dogo (kishimo cha kunasa mchanga na vitu vigumu) la kila nyumba, bomba la kichochoro, na bomba la kukusanya vichochoro: hiyo ililipiwa na kusimamiwa na wakazi. Nje ni mfereji mkuu na mtambo wa kusafisha: hiyo ni ya serikali. Kitengo chao hakikuwa mtaa mzima. Kilikuwa kichochoro kimoja, nyumba 20 hadi 30, kwa sababu watu wanaopishana mlangoni kila asubuhi hawawezi kudanganyana kuhusu nani amelipa. Gharama ilishuka sana kwa kumwondoa mkandarasi na kurahisisha michoro.

Kazi yenyewe iende hivi. Tafuteni kwanza mahali majitaka yatakapoishia, mpate ruhusa ya maandishi ya kuunganisha. Kamati nyingi huanza na choo na kumalizia na swali la mdomo wa bomba; matokeo yake ni kuhamisha kinyesi kutoka kichochoro chenu hadi mfereji wa wazi wa wenzenu wa bondeni.

Pili, pimeni mteremko. Hamhitaji darubini ya mpima ardhi: mpira mwembamba unaopenya mwanga wa mita 15, uliojazwa maji, unatosha. Shikeni ncha mbili kwenye vigingi viwili. Maji yakitulia, usawa wa maji pande zote ni mmoja, wekeni alama, mpime kushuka hadi kwenye udongo. Povu moja ndani ya mpira linadanganya kipimo, kwa hiyo utazameni wote kwa macho kabla ya kila alama, na msiuache juani sehemu moja na kivulini nyingine.

Bomba la milimita 100 kutoka nyumba kwenda kichochoroni lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 40 hadi 60. La kichochoro, milimita 150, linatosheka na 1 kwa 100. Kichochoro cha mita 40 kinahitaji basi kushuka sentimita 40: ardhi ikiwa tambarare, bomba likianza kina cha sentimita 60 juu, litakuwa mita moja chini. Kama mfereji mkuu uko juu ya kina hicho, mradi hauwezekani kwa mteremko wa kawaida, na afadhali kulijua hilo kwa mpira wa maji kuliko baada ya kununua mabomba.

Anzeni kuchimba upande wa chini mkipanda juu, ili mvua ikinyesha katikati ya kazi mtaro ujitoe maji. Tandikeni mchanga sentimita 10 chini ya bomba. Jiwe moja lililoachwa litalipasua gari la kwanza likipita. Mdomo mpana wa kila bomba utazame juu, maji yanakotoka. Chemba iwekwe kila kona, kila maungio, na kwenye mstari ulionyooka isizidi mita 30 hadi nyingine, maana fimbo ya kuzibulia haiendi mbali. Kabla ya kufukia, zibeni chini, jazeni maji, subirini saa moja. Yakipungua, kuna kiungo kimeachia. Watu huchoka siku hiyo wakafukia bila kujaribu, na hapo ndipo fedha inapotea.

Karo dogo la kila nyumba hubakisha mchanga na vigumu ili bomba jembamba lisizibe. Lisipozolewa kwa wakati halina maana. Mifereji ya paa isiunganishwe humo kamwe: mvua moja kubwa inajaza bomba na kurudisha kinyesi chooni kwa nyumba ya chini kabisa, na nyumba ya chini kabisa kwa kawaida ni ya mpangaji.

Mpangaji ndiye suala lisilo la ufundi ambalo tungeweka mwanzo kama si kwamba hamkutuuliza. Choo kikipatikana, kodi ya pango hupanda. Aliyechangia na kuchimba anaweza kuwa wa kwanza kuhamishwa na bei ya alichokijenga. Andikeni kwenye makubaliano, kabla ya kukusanya mchango, kwamba anayelipia ni mwenye nyumba, au kwamba mchango wa mpangaji unakatwa kwenye kodi na kodi haipandi kwa muda uliotajwa.

SWALI: Nimesoma kwamba kipimo cha Gini cha mji fulani kimeshuka. Watu wa huko hawaoni nafuu yoyote. Kipimo hiki kinaweza kudanganya? (Mwanafunzi wa takwimu)

Gini hupima kutokuwa na usawa wa mapato: 0 ni wote sawa, na inavyokaribia 1 ndivyo wachache wanavyochukua karibu yote. Kipimo hakidanganyi, ila kinajibu kile tu ulichokipa. Chukua kaya tano zenye mapato 2, 3, 5, 10 na 30. Zipange kuanzia ya chini. Zidisha kila pato kwa namba yake kwenye mstari: 2, 6, 15, 40, 150, jumla 213. Mara mbili yake ni 426. Gawanya kwa idadi ya kaya mara jumla ya mapato, 5 × 50 = 250, upate 1.704. Toa idadi ya kaya ukiongeza moja, ikigawanywa kwa idadi ya kaya: 6 ÷ 5, yaani 1.2. Gini ni 0.504.

Sasa mpeleke mhoji mtaani. Kaya ya 30 ina geti na mlinzi, na mlinzi kasema mwenye nyumba kasafiri. Rudia hesabu kwa nne zilizobaki: 0.325. Mji umekuwa wa usawa kwa sababu geti halikufunguliwa.

Jaribu tena. Rudisha tajiri, kisha mbomolee nyumba mwenye 2 ahamie nje ya mpaka wa mji. Kaya 3, 5, 10, 30 zinatoa takriban 0.45. Imeshuka tena, na hakuna aliyeongezewa hata senti. Kwa hiyo ukikutana na Gini iliyoshuka, uliza mambo mawili kabla ya kufurahi: wangapi walikataa kujibu na wanakaa wapi, na mpaka wa mji uko palepale? Kisha tafuta uwiano wa Palma, yaani fungu la asilimia 10 ya juu kwa fungu la asilimia 40 ya chini; unaeleweka hata na asiyesoma takwimu, ingawa nao unaumia vilevile geti likifungwa.

Idadi ya watu nayo iangaliwe. Kibera, Nairobi, ilizoeleka kutajwa kuwa na watu hadi milioni moja. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali, kwa sababu misaada, vyoo na madarasa hupangwa kwa namba hizo.

SWALI: Ramani ya mji inaonesha kituo cha basi kiko ndani ya mita 500 kutoka kwetu. Tunatembea nusu saa. Nani kakosea? (Mkazi wa pembezoni)

Aliyetumia bikari. Kipimo cha kimataifa ni mita 500 hadi kituo cha basi, na kilomita 1 hadi treni au chombo kingine kikubwa, lakini zinapaswa kufuata njia ambayo mguu unapita. Duara kwenye ramani linavuka ukuta wa mtaa wa kifahari, mfereji mkubwa na barabara kuu bila kuona chochote. Mtu mzima hutembea karibu mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 500 za kweli ni dakika sita au saba. Nusu saa ni kama kilomita 2.4, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye barua yenu.

Daraja la waenda kwa miguu lina hesabu yake. Likiwa juu mita 6, mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12 unahitaji mita 72 kila upande: mita 144 za ziada, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia, ili uvuke barabara ya mita 30. Ngazi ni karibu 40 kupanda na 40 kushuka. Kisha watu wanaovuka chini wanaitwa wakaidi. Barabara ilipewa usawa wa ardhi; mwenye mzigo kichwani akapewa kilima. Tungekuwa sisi, tungeomba taa za kuvukia na tuta kabla ya daraja.

Kusanyeni data yenu kwa siku 7, watu 20, nusu wanawake, awepo mwenye ulemavu na awepo wa zamu ya usiku. Kila mtu aandike nyakati tano: kutoka mlangoni, kufika kituoni, kupanda, kushuka mara ya mwisho, kufika aendako. Na idadi ya nauli alizolipa. Msitoe wastani, pangeni safari zote kwa urefu, mtaje ya katikati na ya mwisho. Wastani huficha mama anayempitisha mtoto shule, akapita sokoni, akaenda kazini: safari moja kwa anayepanga usafiri wa mji, nauli tatu kwa mama huyo.

Ndiyo sababu Medellín, mji wa Colombia, hutajwa. Mwaka 2004 walifunga magari ya kamba kupandisha watu kwenye vitongoji vya mlimani, na wageni wengi hupiga picha kamba. Jambo lililobadili maisha ni kwamba tiketi ni moja: anayeshuka kwenye kamba anaingia treni ya mji bila kulipa upya. Mkijengewa chombo kizuri chenye nauli yake peke yake, mtakitazama kikipita.

SWALI: Tumeahidiwa maghorofa badala ya nyumba zetu za chini. Wengine wanasema yataoza, wengine wanasema tusiwe washamba. (Mama wa kaya)

Mama, urefu wa jengo sio kesi. Pruitt-Igoe ya St. Louis, Marekani, majengo 33 ya ghorofa 11, ilikamilika katikati ya miaka ya 1950 na kuanza kubomolewa 1972. Lifti zilisimama ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 tu, ili kubana gharama, na matengenezo yalitegemea kodi za pango za wakazi. Wakazi walipopungua kodi ilipungua, taa na lifti zikaharibika, wengine wakahama. Karl-Marx-Hof ya Vienna, yenye urefu zaidi ya kilomita moja na nyumba karibu 1,400, ilijengwa 1927 hadi 1930 kwa msaada wa kodi maalumu ya makazi iliyowabana zaidi wenye nyumba za anasa. Ilijengwa na sehemu za kufulia, zahanati na chekechea ndani yake, na watu wanaishi humo hadi leo. Ulizeni fedha ya balbu ya ngazi itatoka wapi mwaka wa 15.

Kisha piga hesabu ya mwezi mmoja: kodi au marejesho, ada ya huduma, umeme wa pampu na lifti, nauli mpya, na kipato kitakachopotea. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika. Aliyekuwa akishona au kuuza mlangoni anapoteza wateja akipanda ghorofa ya sita, na umeme ukikatika pampu inasimama: kilo 20 za maji kwa ngazi zaidi ya 100. Ombeni, kwa maandishi, vibanda vya biashara chini kwa waliokuwa wakifanya biashara tayari, na orodha ya wapangaji, si ya wenye nyumba pekee. Jumla ikizidi ya sasa kwa kiasi msichokiweza, mtapangisha kwa wenye uwezo na kurudi kwenye makazi duni, kisha mtalaumiwa kwa kuuza bahati.

SWALI: Joto kali likija, si maskini wote wanaumia sawa? (Muuguzi)

Hapana. Julai 1995 joto liliua zaidi ya watu 700 Chicago, wengi wazee waliokuwa peke yao. Mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, ilikuwa na wazee maskini wanaoishi pweke kwa viwango vinavyokaribiana. Wa kwanza ulipoteza watu kwa kiwango cha karibu mara kumi ya wa pili. Tofauti ilikuwa barabarani. South Lawndale kulikuwa na maduka wazi na watu njiani, mzee akitoka alipata kivuli na salamu. North Lawndale viwanda na maduka yalishafungwa, viwanja vimebaki wazi, na mzee aliogopa kufungua dirisha. Kwa kazi yako, orodha ya kwanza iwe ya wanaoishi peke yao kwenye ghorofa ya juu kabisa, na mtu wa kuwagongea alasiri na usiku, maana chumba cha juu hubaki na joto hata jua likizama.

SWALI: Ofisi yetu inahamishia huduma zote kwenye simu. Tutajuaje tunawaacha nani? (Mtumishi wa umma)

Chukueni simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa, yenye betri iliyochoka na bando dogo, mpeni mtu asiye wa ofisini afanye ombi moja kuanzia mwanzo hadi risiti. Kaeni nyuma yake kimya. Andikeni kila anapokwama: ukurasa mzito, picha ya kitambulisho inayokataliwa kwa giza la chumba, namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye laini ya mume. Hilo la laini ya familia ndilo linalokwamisha wengi na halionekani kwenye takwimu zenu, kwa sababu asiyeingia hahesabiwi. Wekeni njia ya menyu ya nyota na reli isiyohitaji intaneti, ruhusuni ombi lianze leo na kumaliziwa kesho bila kufutika, na dirisha moja la ana kwa ana libaki wazi saa ambazo vibarua wameshatoka kazini.